Kumtafuta Rubani Asiye na Kaburi: Maoni Yangu Kuhusu Huduma ya Tume ya Makaburi ya Vita

Marehemu babu yangu, aliyekuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, kabla ya kurudi kukata mkonge katika mashamba ya huku kwetu Tanga, aliacha sandukuni kipande cha kitambaa cha gunia kisichozidi upana wa viganja viwili. Alitueleza kuwa ni mabaki ya mwavuli ulioteremsha mchele kutoka kwenye ndege huko Burma mwaka 1944, na kila alipokitoa alikisugua kati ya kidole gumba na cha shahada akisema, "Hii si katani, hii ni juti ya Kihindi." Baadaye nilisoma nikajua kwamba hakukosea. Miamvuli ya hariri ilikuwa adimu, hivyo jeshi la kule likashonesha miamvuli ya mizigo kwa juti nchini India. Jambo jingine alilolirudia hadi uzeeni ni kwamba ndege moja iliyokuwa ikiwaletea chakula iliingia katika wingu jeusi na haikuonekana tena, naye hakupata kujua jina la hata mmoja wa waliokuwamo.

Kwa ajili ya ndege hiyo nimeitumia kwa miezi miwili huduma ya kutafuta majina kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo inayotunza pia makaburi ya vita ya hapa Tanga. Tume hiyo iliundwa mwaka 1917 na ina kumbukumbu za watu wapatao milioni 1.7 waliokufa katika vita viwili vikuu. Kutafuta hakulipiwi. Nalisema hili mapema kwa sababu nilianza kwa kulipia tovuti nyingine, ambayo sitaitaja, nikauziwa taarifa zile zile ambazo Tume huzitoa bure.

Anayetaka kuitumia vizuri hana budi kuelewa kwanza jinsi Tume inavyomhesabu mtu asiye na kaburi. Jina lake huchongwa kwenye mnara, na mnara huo hauko lazima katika nchi alikopotelea. Askari wa anga waliopotea wakiruka kutoka Uingereza na nchi za kaskazini-magharibi mwa Ulaya wako Runnymede, karibu na London, kwenye mnara uliozinduliwa mwaka 1953 wenye majina zaidi ya 20,000. Waliopotea katika anga ya Asia ya kusini na mashariki wako kwenye mnara wa Kranji, Singapore, uliozinduliwa mwaka 1957, ambao pamoja na askari wa nchi kavu una majina zaidi ya 24,000. Mimi nilipoteza wiki nzima nikichagua Burma kuwa nchi, na nikawa naletewa askari wa miguu wa mnara wa Rangoon. Nilipobadili nikachagua mnara wa Singapore pamoja na jeshi la anga, mlango ulifunguka.

Kilichobaki kilikuwa kupunguza tarehe. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, aliyokuwamo babu, iliteremka bonde la Kabaw kati ya Agosti na Novemba 1944, katikati ya masika ya kule, barabara zikiwa tope tupu, ikilishwa kwa ndege za Dakota. Mawingu ya msimu ule yaliogopwa na marubani kuliko bunduki za Wajapani, kwa hiyo maelezo ya babu kuhusu wingu hayakuwa hadithi ya kutulaza usingizi.

Kila mtu ana kadi yake yenye jina, cheo, namba ya utumishi, kikosi, tarehe ya kufa na, pale ilipojulikana, umri na majina ya wazazi. Chini yake huandikwa namba ya nguzo ambayo jina limechongwa. Kadi hazikuunganishwa kwa ndege, hivyo mtumiaji hufanya kazi hiyo mwenyewe: unapakua matokeo yote kama jedwali, unayapanga kwa tarehe, halafu unatazama ni wapi majina matatu au manne ya kikosi kimoja yanafuatana siku moja. Mara ya kwanza nilipoyaona manne yamepangana hivyo, niliondoa mkono kwenye simu nikakaa kimya, kwa kuwa nilijua kuwa natazama ndege moja, na wengi wa waliokuwamo walikuwa na miaka ishirini na kitu.

Kadi haisemi ndege iliangukia wapi. Mwaka 1945 jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na watu zaidi ya 41,000 wasiojulikana walipo, likaunda kikosi maalumu cha kuwatafuta, kikipita vijijini na misituni kuuliza wenyeji nani aliona nini. Waliopatikana na kutambuliwa walizikwa kwa majina yao. Waliobaki kwenye minara ni wale ambao mpaka leo hawajaonekana au hawajatambuliwa, na sisi tunaomsalia maiti swala ya ghaibu tunafahamu uzito wa kumtaja mtu ambaye mwili wake hauko mbele yetu.

Kwa rubani wa Uingereza, basi, huduma hii naisifu bila kusita. Kwa mpagazi aliyekufa kati ya Tanga na Rufiji katika vita vya 1914 hadi 1918, siwezi kusema hivyo. Ripoti iliyotolewa na Tume yenyewe mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mwenye kumtafuta babu wa namna hiyo asivunjike moyo akirudishiwa ukurasa mtupu, wala asidhani kuwa babu hakwenda vitani.

Lugha ya tovuti ni Kiingereza, lakini maneno yanayorudiwa ni machache, na kijana wa kidato cha pili anaweza kumsaidia mzee. Inafunguka vyema hata kwa simu ya kawaida.

Sina uhakika kwamba manne niliyoyapata ndiyo ndege ya babu, kwa sababu tarehe yake hakuikumbuka. Hata hivyo niliyanakili kwa mkono, pamoja na namba za nguzo, kwenye karatasi ninayofungia kile kipande cha juti. Nilipomwonyesha mama, alisikiliza majina yote manne, kisha akauliza, "Na mama zao walikuwa wakiitwa nani?" Kadi mbili kati ya nne zilikuwa na jibu, nikamsomea.