Saa nzima na daktari wa matiti, Nairobi

Nimenyonyesha watoto watatu, na kifua kimepungua na kulegea. Mwezi uliopita nilikwenda kliniki moja hapa Nairobi kuulizia upasuaji wa kuongeza matiti.

Daktari, mama wa makamo, hakuanza na bei. Alinipa vipandikizi viwili, vile vifuko vinavyowekwa ndani ya titi, nivishike. Cha silikoni ukikiminya kinarudi taratibu, kama nyama yenyewe. Cha maji ya chumvi kinachezacheza mkononi. Hiki kikitoboka, titi linanywea na unajua upesi. Cha silikoni kinaweza kupasuka kimyakimya, ndiyo maana Marekani hushauri kipimo cha picha ya ndani ya mwili, ultrasound au MRI, miaka 5 au 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 au 3. Mafuta ya mwili wangu mwenyewe nayo, yakihamishiwa kwenye matiti, yangeongeza kidogo tu, na sehemu yake hufyonzwa na mwili.

Kisha akanishika bega. "Mama Asha, kipandikizi kinajaza, hakiinui. Na si cha maisha, huenda ukarudi tena kwenye meza ya upasuaji." Nilimpenda kwa hilo. Alinichorea kwenye karatasi mahali mkato ungepita, chini ya titi, na jinsi ya kulinyanyua.

Mapokezi ndiko walikoniudhi. Dada alidai malipo ya kushika tarehe kabla sijafunga vifungo vya blauzi, na kwenye karatasi ya bei hapakuwa na gharama ya kubadilisha wala kutoa vipandikizi. Nimewaambia waiandike. Wakiiandika, nitarudi kwa daktari yule yule.