Nilianza na mng'ao, nikaishia na vernia

Nilipoanza kujaza upya risasi zangu za kulengea shabaha, yaani kuyatumia tena maganda yaliyokwisha kulipuliwa, kifaa cha kwanza kununua kilikuwa kile nilichokihitaji kidogo kuliko vyote: pipa la kuzungusha la kusafishia maganda, lenye vijiti vyembamba vya chuma kisichoshika kutu. Unatia maji, tone la sabuni ya vyombo, chembe za unga wa ndimu, unaliacha lizunguke saa mbili. Maganda hutoka kama yamefika leo kutoka kiwandani, hadi ndani ya kishimo cha fataki, ile kofia ndogo ya kitakoni inayowasha baruti. Niliyapanga mia moja dirishani nikabaki nayatazama tu, kama mtu aliyeoa jana.

Baadaye ndipo nikayapima urefu kwa vernia, kile kipimo cha taya kinachosoma sehemu ndogo za milimita. Ni maganda ya .308 Winchester, ambayo hayatakiwi kuzidi milimita 51.18. La kwanza 51.10. La pili 51.26. La tatu 51.31. Yanang'aa, lakini hayafai.

Shaba ya njano hutambaa. Ganda likilipuliwa hutanuka, na ukilipitisha kwenye dai, kalibu ya chuma inayolibana ili lirudi umbo lake, sehemu ya shaba husogea mbele kuelekea shingoni. Ukirudia mara tatu nne, limerefuka. Likizidi, mdomo wake hubanwa mwisho wa chemba ya bunduki na kuing'ang'ania risasi isiachie vizuri, na hapo mgandamizo hupanda hadi pabaya. Hakuna mng'ao utakaokuokoa na hilo.

Nikatafuta kikataji cha kupunguza urefu. Cha kwanza kilikuwa cha mkono, cha kufunga mezani, na sikitaji jina kwa kuwa huenda wenzangu wamepata kizuri. Changu kilibana ganda kwenye ukingo wa kitako, na kwa kuwa nilikuwa nimechanganya maganda ya viwanda tofauti, unene wa ukingo haukuwa mmoja. Nilikata kumi bila kugusa skrubu ya kipimo. Refu na fupi yakapishana milimita 0.15. Isitoshe, kufika la hamsini kiganja kilikuwa na lengelenge.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja tunayelenga naye shabaha. Alinipa seti yake ndogo ya kukatia, ya kampuni ya Lee, nijaribu, na mimi nilidhani ananitania, maana kifaa kizima kinaenea mfuko wa shati. Kuna kisu, na katikati yake pini ya urefu maalumu kwa aina hiyo ya ganda. Pini hupita kwenye kitundu cha moto, pale kitakoni moto wa fataki unapopitia kufikia baruti, hadi igote kwenye kishikizo kinacholibana ganda. Ikigota, kisu hakikati tena. Hakuna cha kurekebisha, na kwa hiyo hakuna cha kukosea. Nilikifunga kwenye drili, nikakata ishirini, nikapima yote. Yakatoka 50.9 na ushee, yakipishana kiasi ambacho vernia yangu inakiona kwa shida. Sharti ni mbili tu: fataki iwe imeshatolewa, na kila aina ya ganda inunuliwe pini yake.

Kwa anayejaza chache, ningesema aishie hapo. Mimi nilisogea mbele baada ya kuanza .223 Remington, ambayo maganda yake huja kwa mamia (ukomo ni 44.70, nami hukata hadi 44.45). Sasa natumia kikataji cha mota chenye visu vitatu: kimoja hukata urefu, kimoja huchonga mdomo kwa ndani, cha tatu huondoa ukali wa nje. Ganda moja halimalizi sekunde tano. Lakini hiki hupima kuanzia begani, pale ganda linapoanza kusinyaa kuelekea shingoni, kwa hiyo ganda lazima liwe limepita kwenye dai kwanza. Siku moja nilipindua utaratibu huo, nikaharibu kikombe kizima cha maganda mazuri. Na kabla ya dai, yapake mafuta yake. Ganda kavu likinasa humo utalikumbuka jioni nzima.

Kama maganda yako ni ya kijeshi, tenga nafasi ya kifaa kimoja zaidi, cha kutanua mdomo wa kishimo cha fataki. Huwa umebanwa kiwandani, na fataki mpya itaingia upande au isiingie kabisa. Usilazimishe.

Kuhusu kusafisha, mashine ya kutetemesha yenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa inatosha kabisa. Vumbi lake ndilo la kuogopa, kwa kuwa mabaki ya fataki huwa na madini ya risasi: iweke nje, vaa barakoa, nawa kabla ya kula. Dawa ya kung'arishia yenye amonia usiguse, inaipasua shaba. Jeshi la Uingereza lilijifunza hilo huko India, risasi zake zilipokuwa zikipasuka zikiwa zimehifadhiwa mazizini mwa farasi msimu wa mvua.

Lile pipa bado lipo. Nalitumia kwa maganda niliyookota kwenye matope, kisha nakaa na tochi nikichungulia moja moja, maana vijiti viwili hupenda kukabana ndani ya kitundu cha moto. Jana nilikuta vitatu. Kingine kilikuwa ndani ya soksi yangu.