Kliniki ya ngozi barabara ya Lamu, Malindi: nyota nne

Nyota ya tano nimewanyima kwa sababu ya lile benchi la barazani. Nilifika saa mbili asubuhi, nikaitwa adhuhuri ishaadhiniwa, mgongo umekufa ganzi. Mengine, mashallah.

Mimi ni fundi cherehani, Shela ya hapa Malindi, si ile ya Lamu. Nina kifafa. Miezi miwili baada ya kuanzishiwa fenitoini, dawa ya kifafa, shingo na kifua vikatoka madoa mekundu, kisha vinundu vigumu kama mbegu za ubuyu. Wateja nikiwapima mabega wanageuza nyuso. Mahali pengine (sipataji) nilikatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi cha kupimwa, jibu likaja na neno limfoma, saratani ya chembe za kinga. Mke wangu akauza bangili zake.

Daktari wa hapa, mama wa makamo, hata ngozi hakuigusa kwanza. "Baba, mimina huo mfuko wa dawa mezani." Akashika fenitoini, akauliza nilianza lini, akahesabu kwa vidole. Akanieleza kwamba dawa inaweza kuzichokoza chembe za kinga zikajazana ngozini, na chini ya hadubini zikafanana na limfoma. Dawa za kifafa kuiga saratani hiyo kumeandikwa tangu 1959. Za presha na za sonona nazo zimo.

Nilitaka kuitupa fenitoini siku hiyohiyo. Akanikemea: ukiiacha ghafla utaanguka. Akamwandikia barua daktari wangu wa kifafa, nikahamishwa polepole hadi levetirasitamu, dawa nyingine ya kifafa. Kabamazepini, nayo ya kifafa, aliikataa, eti hiyo na fenobabitali ni ukoo mmoja na fenitoini.

Kile kinyama akakituma Mombasa kisomwe upya, safari hii karatasi imeandikwa dawa ninazokunywa. Kumbe msomaji wa kwanza hakuambiwa kitu!

Nilipoimaliza fenitoini, wiki ya tano vinundu vikaanza kunywea. Mwezi wa tatu yamebaki madoa ya kahawia tu. Ila hajaniachia: narudi kila miezi sita anikague, maana wako wachache ambao baadaye huonekana wana limfoma ya kweli.

Kumwona ni shilingi 2,500, kusomwa kinyama mbali. Risiti hawatoi mpaka uidai. Nendeni mapema, na mfuko mzima wa dawa, hata mitishamba msiifiche. Na mto wa kukalia.