Kitengo cha watoto wachanga: nyota 4 kati ya 5

Mwanangu alizaliwa "amechoka", kama wakunga wanavyosema. Hakulia, mwili wa bluu, Apgar (alama za hali ya mtoto anapozaliwa) 2 kati ya 10. Sijamaliza hata kushonwa daktari akaniinamia: "Mama, tutampoza." Mimi nikasikia "amepooza". Nililia mpaka mkunga akaja kunifafanulia: watamshusha joto la mwili ili kuulinda ubongo uliokosa oksijeni. Jamani, mkimwambia mzazi neno hilo, mwambieni polepole.

Kazi yenyewe wanaijua. Kupoza hutakiwa kuanza ndani ya saa 6 tangu kuzaliwa. Wao walianza saa ya tatu. Saa 72 juu ya godoro la maji baridi, mwili nyuzi 33.5, kisha wakampasha taratibu, nusu nyuzi kwa saa.

Kila ndugu aliyepiga simu aliulizia ubongo. Nesi wa zamu ya usiku ndiye aliyenieleza mengine: oksijeni ikipungua, mwili wa kichanga huelekeza damu kwenye ubongo, moyo na tezi za adrenali, huku figo, ini na utumbo vikinyimwa. "Figo huumia mapema," alisema, akiweka nepi kwenye mizani. Alipima kila nepi! Anatoa uzito wa nepi kavu, gramu moja anaihesabu mililita moja ya mkojo. Siku mbili za mwanzo hakukuwa na cha kuhesabu. Mtoto kavimba kope, wakambania maji ya dripu. Kreatinini (taka ya damuni inayoonyesha figo zinavyochuja) ya siku ya kwanza hawakuitegemea, kwani bado ilibeba yangu mimi mama. Usiku wa nne nesi akainyanyua nepi nzito nikaiona nikiwa mlangoni. Sijawahi kuufurahia mkojo wa mtu kiasi kile.

Maziwa niliyokamua alipewa matone tu, kuuhurumia utumbo. Vimeng'enya vya ini vilipanda, vikashuka vyenyewe. Damu ilichelewa kuganda, akaongezewa plazma, yaani majimaji ya damu.

Nyota moja nimeipunguza kwa siku ya kuruhusiwa. Karatasi ilitaja kliniki ya ubongo na ukuaji, figo kimya. Nilirudi mwenyewe kuuliza, ndipo daktari akaongeza kwa kalamu: apimwe presha na kreatinini. Kama wako naye alikaa bila kukojoa, isome karatasi kabla hujabeba mtoto. Na viti, tafadhali: kimoja cha plastiki kwa akina mama watatu wenye mishono!