Makumbusho ya Grace Darling, Bamburgh: padogo ila nendeni

Kama uko Uingereza na unapita pwani ya Northumberland ingia hapa, ni makumbusho ya RNLI, wale waokoaji wa baharini walioanza 1824 na mpaka leo wanaotoka na boti wengi wao ni wa kujitolea. Kiingilio bure, unachangia ukitaka. Padogo aisee, usitegemee kushinda humo, ila boti yenyewe aliyotumia Grace kuokoa watu ipo, ya mbao, ya makasia, ukiisogelea ndo unachoka, yaani Grace, dada wa miaka 22 tu, na babake walitoka na hiki kidude Septemba 1838, bahari imechafuka, kuwafuata watu wa meli ya Forfarshire waliokwama mwambani! Wakapona 9. Kaburi la Grace liko kanisani ng'ambo ya barabara, alifariki 1842 kwa kifua kikuu masikini.