Uzoefu wangu na lenzi ya Canon RF 100-400mm Uganda: msituni, majini na kwenye vumbi

Kwa mpiga picha anayezunguka Uganda kwa miguu, mtumbwi na boda boda, Canon RF 100-400mm f/5.6-8 IS USM ndiyo lenzi ndefu ya kwanza ninayomshauri anunue, na sababu kubwa ni uzito. Ina gramu 635 tu. RF 100-500mm, ambayo ni ya daraja la juu zaidi, ina gramu 1,370 kabla hujaifunga kola ya tripodi, yaani pete ya kuifungia kwenye miguu mitatu. Ukizishika dukani tofauti hiyo unaweza kuipuuza. Nenda na hiyo nzito Rushaga au Nkuringo, upande na kushuka miteremko ya Bwindi, msitu wa gorila, kwa saa kadhaa, mkono mmoja na fimbo, mwingine unatafuta mzizi wa kujishikilia, ndipo utajua gramu 700 ni nini. Picha nyingi nzuri za nchi hii ziko mahali ambapo gari halifiki, na anayefika akiwa hana pumzi hushika kamera kwa mikono inayotetemeka.

Wepesi huo unaulipia kwa mwanga. Namba ya f ikikua, tundu la kupitisha mwanga linapungua. Tundu la lenzi hii huanza f/5.6 kwenye 100mm, hufika f/6.3 kwenye 200mm, na ukifika 400mm ni f/8. Yaani kutoka 200mm hadi 400mm unapoteza zaidi ya theluthi moja ya mwanga bila kugusa kitufe chochote. Watu wengi huikataa kwa namba hiyo ya f/8 pekee. Mimi naona wanaisoma nusu, kwa sababu hawajajiuliza watasimama umbali gani na mnyama.

Chukua gorila wa Bwindi. Kanuni ni kusimama mita 10, kundi la wageni wasiozidi 8, muda ni saa moja, barakoa usoni na flashi marufuku. Kwa sensa ya fremu kamili (milimita 36 kwa 24), umbali wa mita 10 na 400mm unakupa eneo la upana wa sentimita 90 kwa kimo cha sentimita 60: kichwa na mabega ya dume mkubwa, basi. Kwa 200mm unapata mita 1.8 kwa 1.2, mama na mtoto wake wanakaa vizuri pamoja na majani ya kuwazunguka. Kwa 100mm ni mita 3.6 kwa 2.4, familia nzima iliyojilaza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile saa moja utaimaliza kati ya 100mm na 250mm, ambako lenzi bado ina mwanga wa kutosha. 400mm ibaki kwa macho, vidole, na makunyanzi ya pua.

Mipangilio ninayoanza nayo chini ya miti ni hii: shata 1/250 ya sekunde kwa gorila aliyetulia, 1/500 watoto wakianza kuchezacheza, tundu wazi kabisa, ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) ya kujipanga yenyewe yenye kikomo cha 12,800. Kidhibiti mtikisiko cha lenzi kinahesabiwa hatua 5.5 (kila hatua ni mwanga mara mbili au nusu yake), na hufika 6 kwenye kamera zenye kidhibiti chao cha ndani. Kinasaidia kweli, lakini kinatuliza mkono wako tu. Gorila akigeuza kichwa kwenye 1/60, picha imecheza, hata kidhibiti kiwe bora namna gani. Afadhali chenga za ISO kubwa kuliko jicho lililovutika. Chenga zinapunguzwa kwenye kompyuta, jicho lililovutika halirudi.

Kuna mambo mawili yanayoharibu picha za Bwindi kuliko giza lenyewe. La kwanza ni manyoya meusi. Kipimo cha mwanga cha kamera huona weusi mwingi kikadhani ni giza, kikaongeza mwanga, na gorila akatoka kijivu huku majani nyuma yake yameungua weupe. Punguza mwangaza wa picha kwa hatua moja hadi moja na theluthi, kisha utazame histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, badala ya kuamini skrini, maana msituni skrini huonekana angavu kuliko ilivyo. La pili ni jani. Mfumo wa kutambua macho ya wanyama ni mzuri mnyama akiwa wazi, lakini jani moja likipita mbele ya uso, fokasi hulishika jani. Weka kitufe kimoja kiite nukta moja ndogo ya fokasi, na uizoee kabla ya safari. Kwa 400mm na f/8, mita 10, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 30 tu, kwa hiyo fokasi ikiangukia jani lililo nusu mita mbele, jicho limekwenda.

Na barakoa. Pumzi hupanda kwenye pua na kufunika kioo cha kuchungulia kwa ukungu, hasa asubuhi yenye baridi. Chagua barakoa yenye waya, uibane sawasawa juu ya pua. Hilo linaokoa dakika ambazo zimelipiwa ghali.

Mkodi mbeba mizigo pale lango la kuanzia. Yeye anajua wapi pa kukanyaga, wewe unafika mikono ikiwa imetulia, na fedha inabaki kijijini.

Kibale, msitu wa sokwe mtu, ni kesi tofauti. Sokwe mtu asubuhi wako juu kwenye miti ya matunda, na unawapiga kutoka chini wakiwa na anga jeupe mgongoni. Hapa ongeza hatua moja na nusu, uso usije ukawa kivuli kitupu; anga litaungua, liache liungue. Bora zaidi ni kuvumilia mpaka washuke. Wakitembea ardhini huenda haraka, na 1/500 ndiyo chini kabisa. Kusema kweli, Kibale ndiyo mahali ambapo ningetamani lenzi yenye f/2.8, ambayo ingenipa mwanga mara nane ya f/8. Anayepiga sokwe kwa ajili ya kuuza picha kubwa za ukutani, na msitu ndio kazi yake ya kila siku, atafute hiyo na avumilie uzito.

Ajabu ya lenzi hii ni kwamba njia hiyohiyo ya Kibale, iliyokuwa giza kwa sokwe, ni tajiri kwa vipepeo. Inasogea karibu hadi sentimita 88 kwenye 200mm, na kwenye 400mm inakuza mara 0.41. Hesabu yake ni kwamba kitu chenye upana wa sentimita 8 au 9 kinajaza fremu. Vipepeo wanaokusanyika kunyonya chumvi kwenye tope baada ya mvua hawakimbii ukibaki mbali kidogo. Piga magoti, lenzi iwe sambamba na mbawa, maana kwa umbali huo sehemu iliyo kali ni nyembamba mno na mbawa iliyoinama itakuwa kali upande mmoja tu.

Majini ndiko lenzi hii hunifurahisha zaidi. Mabamba, ng'ambo ya ghuba kutoka Entebbe, unaingia kwenye mtumbwi mwembamba kati ya mafunjo kumtafuta korongo-nyangumi (shoebill). Tripodi haina kazi mle. Lenzi ya kilo mbili huchosha bega kabla ndege hajaonekana, kwa sababu lazima uishike tayari. Ndege huyu anasimama kama mlingoti akisubiri kamongo aje juu kuvuta hewa, kwa hiyo unao muda. Kwa mita 20 na 400mm, kamera ukiisimamisha wima, unapata kimo cha mita 1.8, na ndege wa mita 1.2 hivi anakaa vizuri akiwa na nafasi juu na chini. Mwambie mpiga kasia asimamishe mtumbwi jua likiwa mgongoni mwenu, kisha asiguse maji. Shata isishuke 1/800 hata ndege akiwa ametulia, kwa kuwa mtumbwi hautulii. Akifungua mdomo au kuinamisha mwili mbele, panda 1/2000 papo hapo na rudisha zumu kwenye 300mm, la sivyo mbawa zitakatwa.

Kwenye mfereji wa Kazinga na boti ya Paraa kwenda maporomoko ya Murchison, adui ni injini. Usiegemeze lenzi wala kiwiko kwenye chuma cha boti. Mtetemo hupanda moja kwa moja na kidhibiti hakiumudu. Simama miguu imeachana, viwiko vimebana mbavu. Pale Murchison, Mto Nile unapojibana kwenye ufa wa mita 7 hivi na kuanguka zaidi ya mita 40, wengi hupiga maporomoko yote kwa lenzi pana. Jaribu 300mm kwenye ule mkunjo tu ambapo maji yanabadilika kuwa moshi, shata 1/1000. Nguvu ya mto inaonekana kwenye kipande kidogo kuliko kwenye mandhari nzima.

Kwenye gari hali ni kinyume: egemeza kila unapoweza, injini ikishazimwa. Lenzi hii haina kola ya tripodi, na huihitaji. Kinachohitajika ni mfuko wa maharage. Mpe fundi cherehani kipande cha jinzi ngumu, akushonee mfuko wa sentimita 30 kwa 20, mshono mara mbili, zipu upande mmoja, na kitambaa cha ndani ili punje zisipenye kwenye meno ya zipu. Safiri nao ukiwa mtupu. Nunua maharage kilo 2 au 3 kwenye soko la mji wa mwisho kabla ya hifadhi, jaza robo tatu tu; ukijaa kabisa unakuwa mgumu na lenzi inateleza, ukiwa na nafasi unakunja na kuikumbatia lenzi. Usiache ulowe, kwani maharage huvimba na kuoza. Ukiondoka, mgawie mpishi wa kambi.

Muda wa mwanga hapa ni mfupi. Jua linachomoza karibu na saa moja asubuhi mwaka mzima na kupanda karibu wima, kama nyuzi 15 kila saa. Kufika saa tatu mwanga laini umekwisha. Saa tano hadi saa tisa, joto la ardhi hufanya hewa icheze, na kobu, yule swala wa Uganda, aliye mita 150 atatoka kama yuko chini ya maji. Hakuna lenzi inayotibu hilo, sogea karibu au pumzika. Nyakati hizo ndizo za kuchaji betri. Soketi zetu ni za pini tatu bapa, na kambi nyingi za mbali huwasha umeme kwa saa maalumu, kwa hiyo uliza mapema.

Sasa vumbi na mvua. Lenzi hii haina raba za kuzuia maji na vumbi, na hurefuka ukizungusha zumu, maana yake inavuta hewa kila inaporefuka. Kwenye boda boda juu ya udongo mwekundu, ifunge kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) nene ndani ya begi, begi likae kifuani badala ya mgongoni. Usibadilishe lenzi barabarani. Nunua kofia yake ya mbele ya kukinga jua, ET-74B, kwani haiji ndani ya boksi. Kwenye mvua ndiyo inayoshikilia kaveera uliyoitoboa na kuifunga kwa mpira. Lenzi ikilowa, ifute ikiwa imerefuka kabla ya kuirudisha, la sivyo unayaingiza maji ndani kwa mkono wako.

Upande wa ubunifu, f/8 inakunyima mandharinyuma yaliyoyeyuka, na mimi nimekuja kuona ni faida. Inakulazimisha uchague nyuma kabla ya kuchagua mnyama. Kule ukingo wa kaskazini wa Murchison, twiga mbele ya mivumo iliyo mbali ni picha ya Uganda. Twiga mbele ya kijani kisichosomeka anaweza kuwa wa popote. Vivyo hivyo Bunyonyi alfajiri: kwa 250mm kutoka mlimani, ukungu unatenganisha matuta ya mashamba ngazi kwa ngazi. Rwenzori nayo, ukiwa Fort Portal, mara nyingi hujifunua asubuhi baada ya usiku wa mvua, kabla mawingu hayajapanda. Hizo ni picha za mandhari ambazo lenzi pana huzimeza.

Kwa watu wa sokoni na kwenye steji za teksi Kampala, iweke begini. Mtu anastahili kuulizwa ukiwa karibu naye, na 35mm ndiyo inayokuweka hapo.

Ilitoka mwaka 2021, kwa hiyo zilizotumika zimeanza kupatikana. Ukienda kuitazama, washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi na uchungulie upande wa pili kwa mshazari. Vumbi chache si neno. Nyuzi nyembamba nyeupe zinazotawanyika kutoka pembeni ni kuvu, ugonjwa wa lenzi zilizokaa kabatini kwenye unyevu wetu, na hiyo iache. Irefushe hadi 400mm, shika ncha na uitikise: kucheza kidogo ni kawaida, kugonga si kawaida. Kisha piga ukuta wenye maandishi kwa 400mm na f/8, ukuze pembe zote nne. Pembe moja ikiwa hafifu kuliko tatu nyingine, huenda lenzi ilianguka.