Uzoefu wangu na KardiaMobile kwa binti yangu wa miaka 9

Kwa karibu mwaka mzima binti yangu alikuwa akiniambia, "Mama, moyo unanienda mbio," na kila tulipofika hospitali moyo ulikuwa umeshatulia. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ilitoka safi. Alivishwa Holter, kifaa cha kurekodi mapigo ya moyo mfululizo, kwa saa 24, vibandiko kifuani na mashine kiunoni, lakini tatizo linalokuja mara moja kwa wiki tatu halingojei siku uliyopangiwa kipimo. Baadhi ya ndugu walianza kusema mtoto anadeka, na hilo liliniumiza kuliko gharama zote.

Daktari wake wa moyo ndiye aliyetushauri kununua KardiaMobile, kibao chembamba cha kutosha mfukoni, chenye vibati viwili ambavyo mtoto huvigusa kwa vidole vya mikono yote miwili kwa sekunde 30, huku simu ikichora mstari wa umeme wa moyo. Michoro ya kwanza ilijaa mikwaruzo kwa sababu alikuwa akitikisa mikono. Akiegemeza viwiko mezani na kunyamaza, mchoro hutoka vizuri. Tulifanya mazoezi siku za kawaida, ili siku ya hofu asikutane na jambo geni.

Wiki ya tano, jioni, akiwa anafanya kazi za shule, moyo ulianza. Mchoro ulionyesha mapigo 214 kwa dakika, yamefuatana kwa mpangilio mmoja. Daktari alipouona alitueleza kuwa ni SVT, yaani mapigo ya kasi yanayoanzia sehemu ya juu ya moyo, akamfundisha binti yangu kupuliza kwa nguvu ndani ya bomba tupu la sindano ili kuyatuliza.

Uchambuzi wa programu ya simu inayotumika na kifaa hiki umetengenezwa kwa ajili ya watu wazima, ilhali moyo wa mtoto kwa kawaida hupiga haraka zaidi, kwa hiyo maneno yake hayanitulizi wala hayanitishi: namwachia daktari asome mchoro. Kifaa hakirekodi mtoto akiwa usingizini. Kazi hiyo bado ni ya Holter. Akizimia, sitatafuta simu, nitamkimbiza hospitali.

Sasa kinakaa kwenye mkoba wake wa shule, na kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, mwalimu wa darasa amekubali kuweka programu kwenye simu yake. Mchoro wa kwanza alionitumia ulikuwa safi kuliko yangu yote.